Kuziba kwa katheta ya mkojo kwa watu wenye jeraha la uti wa mgongo

Kuziba kwa katheta ya mkojo ni hali ambapo mrija uliowekwa kwenye kibofu ili kutoa mkojo unaacha kupitisha mkojo, ama kwa sehemu ama kabisa. Katika mazungumzo ya kila siku nchini Tanzania katheta huitwa "mpira wa mkojo" au "mpira" tu. Hali hii huwapata hasa watu wanaotumia katheta kwa miezi au miaka, wakiwemo wale waliopooza kutokana na jeraha la uti wa mgongo. Kwao ni tatizo la dharura: mkojo uliozuiliwa unaweza kuharibu figo, kuingiza maambukizi kwenye damu, na kwa wale walioumia sehemu ya juu ya mgongo, kupandisha shinikizo la damu hadi kiwango cha kuua.

Uzito wa tatizo hutegemea pia mahali mtu anapoishi. Katika kata za vijijini kama Maretadu, Wilaya ya Mbulu, mkoani Manyara, mgonjwa hutunzwa nyumbani na ndugu zake, na hospitali iko mbali na nyumba yake. Hivyo hatua za mwanzo huchukuliwa na familia yenyewe.

Kibofu baada ya jeraha

Ndani ya pingili za uti wa mgongo unapita mkanda wa neva uitwao ugwe wa mgongo. Mkanda huo hupeleka habari kati ya ubongo na sehemu za mwili zilizo chini ya shingo. Kwa mtu mzima mwenye afya, kibofu kinapofikia nusu lita hivi, neva hupeleka taarifa kwenye ubongo, naye mtu huamua lini akojoe. Ugwe ukikatika au ukipondeka, taarifa haifiki na amri hairudi.

Matokeo hutofautiana kulingana na mahali pa jeraha. Jeraha likiwa juu ya sehemu ya mwisho ya ugwe, kibofu huwa na tabia ya kujikunja chenyewe bila mpango, huku msuli unaofunga njia ya mkojo ukikaza wakati uleule. Mkojo hubaki ndani kwa shinikizo kubwa na unaweza kurudi kwenye figo. Jeraha likiwa chini kabisa, kibofu hulegea na kujaa bila kusukuma. Katika hali zote mbili mkojo unahitaji kutolewa kwa njia nyingine, na katheta ni njia iliyoenea zaidi.

Aina za katheta

Katheta ya kudumu inayotumika zaidi duniani ni ile ya Foley, iliyopewa jina la daktari Mmarekani Frederic Foley (1891–1966) aliyeitengeneza katika miaka ya 1930. Ina njia mbili ndani yake: moja ya mkojo, nyingine ya kujazia puto dogo karibu na ncha. Puto likijazwa maji safi ya hospitali, kwa kawaida mililita 10, huizuia katheta isichomoke. Kiasi kinachotakiwa huandikwa kwenye mdomo wa kujazia puto.

Ukubwa hupimwa kwa kipimo cha Charrière, ambapo namba 3 ni sawa na milimita 1 ya kipenyo cha nje. Katheta namba 12 ina mdomo mweupe, 14 kijani, 16 rangi ya chungwa na 18 nyekundu. Kwa watu wazima wengi namba 12 hadi 16 hutosha. Mrija mkubwa kupita kiasi hausaidii sana dhidi ya kuziba na huumiza njia ya mkojo.

Katheta za lateksi ni za bei nafuu na hupatikana kwa urahisi. Zile za silikoni tupu ni ghali zaidi, lakini kuta zake ni nyembamba, hivyo njia ya ndani ni pana kuliko ya lateksi yenye namba ileile. Kwa mtu ambaye mpira wake huziba mara kwa mara tofauti hiyo ina maana, ingawa silikoni nayo huziba.

Katheta inaweza kupitishwa kwenye njia ya mkojo au kwenye tundu dogo linalotobolewa na daktari chini ya kitovu, juu ya mfupa wa kinena. Njia ya pili hulinda njia ya mkojo isipate vidonda, lakini haizuii kuziba.

Sababu za kuziba

Sababu nyepesi ndizo zinazosahaulika mara nyingi: mrija umekunjika, mgonjwa ameulalia, nguo imeubana, mfuko wa mkojo umejaa, au mfuko umewekwa juu kuliko kibofu. Choo kigumu kilichojaa kwenye utumbo mpana nacho hubana kibofu na mrija kutoka nyuma. Mabonge ya damu na makamasi huweza pia kuziba tundu.

Sababu kubwa ya kuziba kwa kujirudia ni ukoko wa madini. Bakteria huingia kwenye kibofu cha kila mtu mwenye katheta ya kudumu baada ya wiki chache, hata akiwa msafi namna gani. Baadhi yao, hasa *Proteus mirabilis*, hutoa kimeng'enya kiitwacho urease. Kimeng'enya hiki huvunja urea iliyomo kwenye mkojo na kutoa amonia. Mkojo ambao kwa kawaida una asidi kidogo hugeuka kuwa na hali ya magadi, na pH yake inaweza kupita 8. Hapo madini ya magnesi, kalsi na fosfeti yaliyokuwa yameyeyuka huganda na kuwa fuwele. Fuwele hizo hushika kwenye ncha na ndani ya mrija, kama ule ukoko mweupe unaobaki ndani ya sufuria ya kuchemshia maji, hadi njia inafungwa.

Inakadiriwa kuwa hadi nusu ya watu wenye katheta ya muda mrefu hupata ukoko wa namna hii. Wengine mpira wao hukaa miezi bila tatizo, wengine huziba baada ya siku chache. Anayeziba mara kwa mara anaweza kuwa na mawe kwenye kibofu ambayo yamewahifadhi bakteria ndani yake. Kubadilisha mpira pekee hakumponyi mtu huyo. Anahitaji kupigwa picha ya ultrasound au eksirei, na mawe kuondolewa.

Dalili

Dalili ya kwanza ni mfuko kutoongezeka mkojo kwa saa moja au mbili ingawa mgonjwa amekunywa maji. Nyingine ni mkojo kuvuja pembeni mwa katheta, tumbo la chini kuvimba na kuwa gumu, miguu kurukaruka kuliko kawaida, na homa. Mtu aliyepooza anaweza asisikie maumivu yoyote ya kibofu, kwa hiyo kukosekana kwa maumivu si ushahidi kwamba hali ni salama.

Chembe nyeupe kama mchanga kwenye mrija au kwenye ncha ya katheta iliyotolewa ni onyo kwamba ijayo nayo itaziba.

Muda nao una hesabu yake. Mtu anayekunywa vizuri hutengeneza mkojo wa mililita 80 hadi 120 kwa saa. Kibofu kilichokuwa kitupu kitafika nusu lita baada ya saa 4 hadi 6. Kwa watu wengi wenye jeraha la uti wa mgongo kibofu kimesinyaa, na muda huo huwa mfupi zaidi. Mpira ulioziba jioni hauwezi kusubiri asubuhi.

Hatari ya kupanda kwa shinikizo la damu

Watu walioumia kwenye pingili ya sita ya kifua (T6) au juu yake wanaweza kupata hali iitwayo disrefleksia ya otonomia. Kibofu kilichojaa hutuma ishara kwenye ugwe. Ishara hizo haziwezi kupanda hadi ubongoni, lakini huamsha neva zinazobana mishipa ya damu chini ya jeraha. Shinikizo la damu hupanda ghafla. Ubongo huona hatari na kutuma amri ya kuilegeza mishipa, lakini amri hiyo haipiti mahali palipojeruhiwa.

Mgonjwa hupata kichwa kinachogonga kwa nguvu, jasho na wekundu usoni na shingoni, pua kuziba, vipele vya baridi, macho kuona ukungu, na wasiwasi mkubwa. Mapigo ya moyo mara nyingi hupungua kasi. Asiposaidiwa anaweza kupata kiharusi, degedege au kifo.

Kuna jambo ambalo huwapotosha hata wahudumu wa afya. Watu wengi wenye jeraha la juu huwa na shinikizo la chini siku zote, kama 90 hadi 110 kwa namba ya juu. Kupanda kwa 20 hadi 40 juu ya kiwango chake cha kawaida kunatosha kuwa dalili ya disrefleksia. Mgonjwa aliyezoea 95 akipimwa na kukutwa na 140, karatasi itaonyesha namba isiyotisha, naye anaweza kuambiwa arudi nyumbani na dawa ya kichwa. Kwa sababu hiyo inashauriwa kiwango cha kawaida cha mgonjwa kiandikwe kwenye daftari lake la kliniki, pamoja na mahali pa jeraha.

Hatua za kuchukua mpira unapoziba

Hatua hufuata mpangilio, kuanzia jepesi:

1. Mgonjwa mwenye dalili za disrefleksia huketishwa wima mara moja na miguu kushushwa, kwa kuwa kukaa husaidia kushusha shinikizo. Mkanda, viatu na nguo za kubana hulegezwa. Hatakiwi kulazwa chali.

2. Mrija hukaguliwa kuanzia mwilini hadi mfukoni. Mkunjo hunyooshwa, mfuko hushushwa chini ya kibofu na kumwagwa ukiwa umejaa.

3. Mrija ukiwa umenyooka na mkojo bado hautoki, katheta inaweza kusafishwa kwa maji ya chumvi ya hospitali (salini) kwa kutumia bomba la sindano lenye ncha pana, na mtu aliyefundishwa. Mikono huoshwa kwanza kwa sabuni. Kwa mgonjwa mwenye dalili za disrefleksia hutumika kiasi kidogo tu, mililita 10 hadi 15 yenye joto la mwili, kwa sababu kuongeza maji kwenye kibofu kilichojaa hupandisha shinikizo zaidi. Maji husukumwa taratibu. Yakigoma, hayalazimishwi.

4. Ikishindikana, katheta hutolewa na mpya huwekwa. Hii ndiyo tiba ya uhakika ya mpira uliofungwa na ukoko. Puto hunyonywa maji yote kwa bomba la sindano kabla ya kuvuta. Mpira haukatwi kwa mkasi, kwani kipande kinaweza kurudi ndani. Kuuvuta puto likiwa limejaa huchana njia ya mkojo.

5. Puto la katheta mpya halijazwi mpaka mkojo uonekane ukitoka. Kulijaza likiwa bado kwenye njia ya mkojo huleta jeraha na damu nyingi. Mtu asiyesikia maumivu hataweza kumwonya anayemhudumia.

6. Shinikizo la damu hupimwa kila baada ya dakika 2 hadi 5 hadi litulie, kisha mgonjwa huangaliwa kwa saa 2 nyingine. Namba ya juu ikibaki 150 au zaidi baada ya hatua hizi, mhudumu wa afya hutoa dawa ya kushusha haraka. Akumbuke kuuliza kama mgonjwa ametumia dawa za nguvu za kiume kama sildenafil, kwani hizo hazichanganywi na dawa za jamii ya naitreti.

Mgonjwa mwenye homa, kutetemeka, kuchanganyikiwa au mkojo wenye damu nyingi hupelekwa hospitali hata kama mpira umeanza kutoa.

Kinga

Maji ya kunywa ndiyo kinga ya kwanza. Lita 2 hadi 3 kwa siku, yaani vikombe 8 hadi 12 vya robo lita, hufanya mkojo kuwa mwepesi, na madini huganda kwa shida kwenye mkojo mwepesi. Chai na uji huhesabiwa pia. Katika nyanda za juu zenye baridi kama za Mbulu mtu hasikii kiu sana, na mahali ambapo maji huchotwa mbali mgonjwa hupunguza kunywa ili asiwachoshe wengine. Mazoea hayo huongeza kuziba. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo huuliza kwanza kiasi kinachomfaa.

David Stickler wa Chuo Kikuu cha Cardiff, Uingereza, pamoja na wenzake, walionyesha kuwa kunywa maji mengi yenye sitreti, kama maji ya limau, huchelewesha ukoko. Sitreti hushikana na kalsi na magnesi kabla hazijawa fuwele. Limau lililokamuliwa kwenye maji ya kunywa ni njia rahisi.

Kinga ya pili ni kumbukumbu. Familia huandika tarehe ya kuwekwa kila katheta na tarehe ilipoziba. Baada ya mara 3 hadi 5 ratiba ya mtu huyo hujulikana. Kama mpira wake huziba baada ya siku 20, hubadilishwa siku ya 17 au 18, mchana, kabla ya dharura. Kwa wengine wasio na ukoko muda huwa wiki 4 hadi 12, kulingana na aina ya katheta.

Mambo mengine ni kuufunga mrija kwenye paja ili usivutwe, kuuacha mfuko chini ya kibofu bila kugusa sakafu, kuosha sehemu za siri kwa maji na sabuni kila siku, na kuzuia choo kigumu kwa mboga, matunda na ratiba ya kwenda haja.

Antibiotiki hazitolewi kwa sababu tu bakteria wameonekana kwenye kipimo cha mkojo, maana hawakosekani. Hutolewa mtu akiwa na homa au dalili nyingine za ugonjwa. Kuzimeza kila mpira unapoziba hakuondoi ukoko, bali huzalisha bakteria sugu.

Katheta ya muda

Mwaka 1972 daktari Jack Lapides wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, alitangaza njia ya kuingiza katheta ya muda kwa usafi wa kawaida: mgonjwa huosha mikono, huingiza mrija usio na puto, humwaga mkojo na kuutoa. Hufanya hivyo mara 4 hadi 6 kwa siku, ili kibofu kisipite mililita 500. Kabla yake Ludwig Guttmann, aliyefungua kituo cha majeraha ya uti wa mgongo cha Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1944, alikuwa ameonyesha faida za njia ya muda ikifanywa hospitalini kwa vifaa visivyo na vijidudu.

Kwa kuwa hakuna mrija unaobaki ndani, ukoko haupati mahali pa kushika. Kwa hiyo njia hii hupendekezwa kwa mtu ambaye mikono yake inafanya kazi. Inahitaji mafunzo, maji safi, faragha na katheta za kutosha. Mahali ambapo vifaa ni haba, katheta moja huoshwa kwa sabuni, hukaushwa na kutumiwa tena. Aliyeumia shingo na asiyeweza kushika vitu humtegemea mtunzaji, na wengi wa kundi hili hubaki na katheta ya kudumu.

Hali nchini Tanzania na Maretadu

Sababu kubwa za majeraha ya uti wa mgongo nchini Tanzania ni kuanguka kutoka juu na ajali za barabarani. Wagonjwa wengi ni wanaume wenye umri wa kufanya kazi. Matibabu makubwa hutolewa katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) jijini Dar es Salaam na hospitali za rufaa za kanda, ikiwemo KCMC mjini Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971.

Kwa wakazi wa Maretadu hospitali kubwa iliyo jirani ni Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanzishwa na wamisionari wa Norwei mwaka 1955 na baadaye kuwa chini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), Dayosisi ya Mbulu. Huduma za chini yake ni zahanati na vituo vya afya. Usafiri wa mgonjwa aliyepooza ni mgumu. Bodaboda haimfai mtu asiyeweza kujishika, na gari la kukodi ni ghali na hupita kwa shida barabara zinapolowa.

Kwa mazingira hayo, mambo yanayofaa kuandaliwa kabla mgonjwa hajaruhusiwa kutoka hospitali ni machache na yanajulikana: ndugu wawili wafundishwe kubadilisha mpira na waufanye mbele ya muuguzi, nyumbani kuwe na katheta mbili za akiba za namba yake, mabomba ya sindano, glovu, jeli, maji ya kujazia puto, salini na mfuko, na zahanati ya karibu ijulishwe kuwa mtu huyo yupo, jeraha lake liko wapi, na shinikizo lake la kawaida ni kiasi gani. Ndugu wawili wanatajwa kwa sababu mmoja akienda shambani au mnadani, mwingine atakuwepo.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki ya watu hao kupata huduma za afya na utengamao, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Hata hivyo katheta hutumika kila mwezi maisha yote, na akiba inapokwisha mpira wa zamani hubaki mwilini kupita muda wake. Hapo ndipo kuziba hutokea zaidi.

Tazama pia

Figo
Kibofu cha mkojo
Kiharusi
Uti wa mgongo
Wilaya ya Mbulu